MTAKATIFU ALIYEKUWA ASKARI: PICHA MOJA YA MAFUTA NA NGOME ZA PWANI

Msafiri atokaye Mtwara kwenda kusini kwa chombo cha baharini hupita mbele ya mlango wa Mto Ruvuma, huizunguka rasi iitwayo Cabo Delgado, kisha hujikuta katika ghuba pana ya Tungue. Ukingoni mwa ghuba hiyo upo mji wa Palma, makao makuu ya wilaya iliyo kaskazini kabisa mwa pwani ya Msumbiji. Wenyeji wa ukanda huo ni Wamwani, Wamakwe na Wamakonde. Wengi wa watu wa pwani yenyewe ni Waislamu, na lugha za Kimwani na Kimakwe huingia katika sikio la Mswahili kama sauti ya ndugu aliyekaa ugenini siku nyingi.

Huenda askari anayesoma ukurasa huu akashangaa kuona kwamba makala yaliyoanza Tungue yanakusudia kueleza picha ya mtakatifu wa Kikristo, iliyochorwa Ulaya yapata miaka 400 iliyopita. Picha yenyewe haiko Tungue wala haijapata kufika huko. Lakini jina la mtakatifu huyo lilikuja Afrika Mashariki katika merikebu za Wareno, likabandikwa juu ya ngome ya mawe, na mizinga ya taifa lililojenga ngome hiyo ikafika hata Tungue. Zaidi ya hayo, mtakatifu huyo hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa askari, na mambo yaliyompata yanamhusu kila mtu aliyekabidhiwa silaha, awe mwanajeshi au polisi, awe wa dini yoyote ile.

ASKARI WA KAISARI

Jina lake ni Sebastiani. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba aliishi katika karne ya tatu, akatumikia jeshi la Roma, akapanda cheo hata kuwa afisa katika kikosi cha walinzi wa Kaisari Diokletiani. Wakati huo Wakristo walikuwa wakiteswa, naye alikuwa Mkristo kwa siri. Hakuliasi jeshi wala hakulitoroka lindo lake. Kosa lililomfichua lilikuwa kuwaendea wafungwa waliokuwa wakingojea kuuawa kwa ajili ya imani yao, na kuwatia moyo.

Habari zilipomfikia Kaisari, aliamuru afisa huyo afungwe mtini na kupigwa mishale. Wapiga mishale walitekeleza amri, wakamwona ameinamisha kichwa, wakadhani amekufa, wakaenda zao. Usiku mwanamke mjane aitwaye Irene alikuja kuuchukua mwili ili auzike. Alipomgusa akaona pumzi ingalimo. Akamchukua nyumbani kwake, akamwuguza hata akapona.

Hapo ndipo kisa kinapochukua njia ambayo wengi hawaijui. Sebastiani hakufa kwa mishale. Baada ya kupona, rafiki zake walimsihi akimbie. Yeye akaenda kusimama mahali ambapo Kaisari angepita, akamlaumu usoni kwa dhuluma anayowatendea watu wasio na hatia. Kaisari akaamuru apigwe kwa marungu mpaka afe, na maiti yake ikatupwa katika mtaro wa maji machafu wa mji wa Roma. Mwanamke mwingine, Lucina, ndiye aliyeiopoa na kuizika kando ya barabara ya Apia. Siku yake huadhimishwa kila tarehe 20 Januari.

Si kila jambo katika masimulizi hayo lina uthibitisho wa kihistoria, kwa kuwa yaliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake. Hata hivyo yaliwaingia watu moyoni. Wapiga upinde walimfanya msimamizi wao, askari vivyo hivyo, na miji iliyopatwa na tauni ilimwomba awakinge, kwa sababu watu wa kale waliufananisha ugonjwa wa ghafula na mshale urushwao na mtu asiyeonekana. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza kuwa msimamizi wa wanaolinda utulivu wa raia katika Italia, na hadi leo polisi wa miji ya nchi hiyo huiadhimisha sikukuu yake.

PICHA YENYEWE

Wachoraji wa Ulaya walimpenda Sebastiani kupita kiasi. Katika karne ya 17, zama za mtindo uitwao Baroki, mabingwa kama Guido Reni wa Italia na Peter Paul Rubens wa Antwerp walimchora. Mtindo wa Baroki haukutaka mtazamaji akae mbali akistaajabu tu. Ulitaka kumvuta kwa nguvu ya mwanga na giza, miili iliyo karibu, na tukio lililokamatwa katika dakika yake ya hatari. Rangi zilisagwa na kuchanganywa na mafuta, hasa ya mbegu za kitani, zikapakwa tabaka juu ya tabaka kwenye turubai. Kwa kuwa mafuta hukauka polepole, mchoraji alipata nafasi ya kulainisha ngozi, kivuli na jasho mpaka jicho likadanganyika.

Aghalabu Sebastiani alichorwa kama kijana mzuri mwenye mishale miwili mitatu mwilini, macho yakielekea mbinguni, utadhani maumivu hayamhusu. Mholanzi Hendrick ter Brugghen hakufuata njia hiyo. Picha yake ya mwaka 1625 ina kimo cha karibu mita moja na nusu, nayo sasa imehifadhiwa katika jumba la sanaa la chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Marekani. Ter Brugghen alikuwa amekaa Italia miaka kadhaa, akajifunza namna ya Caravaggio ya kuutupa mwanga juu ya watu wa kawaida huku giza likiwazunguka. Aliporudi katika mji wake wa Utrecht aliitumia elimu hiyo kuonyesha mambo ambayo wengine waliyaficha.

Katika picha hiyo Sebastiani si kijana wa kupendeza. Ni mwili mzito uliokwisha nguvu. Kichwa kimeanguka mbele, midomo imelegea, na ngozi imeingia rangi ya kijivu na kijani kama ya mtu aliyepoteza damu nyingi. Mkono mmoja ungali umefungwa juu mtini. Mtumishi wa kike, akiwa nyuma yake, anahangaika na fundo la kamba. Irene ameinama karibu kabisa, na kwa vidole vya uangalifu mkubwa anauchomoa mshale ubavuni. Nyuma yao mbingu ni ya machweo, mwanga umebaki kidogo tu juu ya upeo. Vichwa vitatu vimepangwa kwa mshazari, kimoja juu ya kingine, hata jicho la mtazamaji hushuka kutoka kwa mtumishi, likapita kwa Irene, likafika kwa majeruhi.

Wapiga mishale hawamo. Mchoraji amewaondoa. Wamekwisha fanya kazi yao na kurudi kambini, na pengine wakati huo wanakula chakula cha jioni. Lakini mahali walipokuwa wamesimama hapawezi kuwa mbali na mahali anaposimama mtazamaji wa picha. Askari akiitazama kwa makini hana budi kujiuliza: je, mimi nimefika hapa na upinde, ama nimefika na kitambaa cha kufungia jeraha?

Ter Brugghen hakuchora mambo ya kubuni tu. Katika miaka ya 1624 na 1625 tauni iliitesa miji ya Uholanzi, na nchi yake ilikuwa vitani na Hispania. Watu wa Utrecht waliwajua vema wagonjwa wasiothubutiwa kuguswa, na askari waliorudi wakiwa wamebebwa.

Hapa inafaa kutoa tahadhari moja ya kazi. Mafunzo ya leo ya huduma ya kwanza hayaruhusu kufanya alivyofanya Irene. Kitu kilichomchoma mtu na kukwama mwilini, kiwe mshale, kisu au kipande cha chuma, kisichomolewe porini, kwa maana huenda ndicho kinachoizuia damu isimwagike. Kizungushiwe vitambaa kando yake ili kisitikisike, damu izuiwe kwa kukandamiza pembeni, na majeruhi apelekwe kwa daktari upesi. Jambo la kuiga kwa Irene ni ule uamuzi wake wa kumkaribia mtu aliyehukumiwa na dola, bila kuuliza kwanza ni wa upande gani.

NGOME YENYE JINA LAKE

Yapata kilomita 470 kusini mwa Tungue kipo Kisiwa cha Msumbiji, ambacho UNESCO ilikiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1991. Ncha yake ya kaskazini imekaliwa na ngome kubwa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1558, wakaiita São Sebastião, yaani Mtakatifu Sebastiani. Mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa mtoto mdogo aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1554, siku ya mtakatifu huyo, naye ndiyo sababu akapewa jina hilo. Mfalme Sebastião alipokua aliongoza jeshi kwenda Moroko katika vita ambavyo nchi yake haikulazimika kuvipigana. Aliuawa huko tarehe 4 Agosti 1578, akiwa na umri wa miaka 24, na jeshi lake likaangamia pamoja naye. Miaka miwili baadaye Ureno ikaingia chini ya taji la Hispania.

Jambo hilo ndilo lililowaleta Waholanzi katika maji yetu. Kwa kuwa walipigana na Hispania, ngome za Ureno nazo zikawa shabaha yao. Mwaka 1607 merikebu za Paulus van Caerden zilikizingira Kisiwa cha Msumbiji. Waholanzi waliuteka mji na kuuchoma, lakini ngome ya Mtakatifu Sebastiani ikawashinda. Walinzi wake walikuwa wachache, chini ya kamanda Dom Estêvão de Ataíde. Walisaidiwa na kuta nene na mabirika ya kukinga maji ya mvua, kwani kisiwa hicho hakina maji matamu ya kutosha. Mwaka 1608 merikebu nyingine za Kiholanzi zikaja, nazo zikarudi bila kuitwaa. Askari yeyote aliyepata kukaa lindoni kwenye jua ataelewa kwamba birika la maji ndani ya boma huweza kuamua vita sawasawa na mzinga.

Basi tazama mambo yalivyofungamana. Chini ya miaka 20 baada ya Waholanzi kuipiga ngome yenye jina la Sebastiani, Mholanzi mmoja katika mji wa Utrecht alikaa mbele ya turubai akamchora Sebastiani huyo huyo kwa huruma ambayo wachoraji wengi hawakuifikia.

TUNGUE YAPIGWA MIZINGA

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haikuwa ya Wareno kwa urahisi kama ramani zao zilivyodai. Tungue ilikuwa na masultani wake, na katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar naye alidai himaya huko. Katika mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubali kwamba ukanda wa Sultani wa Zanzibar, wenye upana wa maili 10 kutoka baharini, ulianza Mto Minengani katika ghuba ya Tungue na kuendelea kaskazini hadi Kipini. Ureno haikukubali. Mwezi Februari 1887 manowari zake ziliikamata meli ya Sultani iitwayo Kilwa, zikapiga mizinga Minengani na Tungue, na askari wake wakatua na kuitwaa nchi. Sayyid Barghash alilalamika kwa mataifa makubwa, lakini hakupata msaada wa maana. Alifariki mwaka uliofuata.

Hata hivyo mpaka haukutulia. Mwaka 1894 Wajerumani walikitwaa kipande cha Kionga, kilicho kati ya Ruvuma na ghuba ya Tungue. Wareno wakakirudisha mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika muda wa miaka 30 mvuvi mmoja wa sehemu hizo aliweza kuziona bendera tatu juu ya paa la forodha, bila ya yeye kuuliza wala kuulizwa.

NGOME ZILIZOGEUKA MAGEREZA

Iko habari nyingine ya ngome za pwani hii ambayo kila askari magereza na polisi angefaa kuifahamu. Wareno walizipa ngome zao majina matakatifu. Mombasa walijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Kisiwani Ibo, kusini mwa Tungue, walijenga ngome ya Yohane Mbatizaji, iliyokamilika mwaka 1791. Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa tayari na ya Sebastiani. Watu watatu hao, kwa mujibu wa maandiko na mapokeo ya Wakristo wenyewe, wote walikamatwa na wenye mamlaka, wakafungwa, wakauawa. Yesu alisulubiwa, Yohane alikatwa kichwa gerezani, na Sebastiani alifungwa mtini.

Lakini ngome zenye majina yao ziliwafanyia wengine kama wao walivyofanyiwa. Ngome ya Yesu iligeuzwa na Waingereza kuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Ibo ilishuhudia biashara ya watumwa; na katika vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964, polisi wa siri wa Ureno, waitwao PIDE, waliitumia kufungia na kutesa watu wa Cabo Delgado walioshukiwa kuiunga mkono FRELIMO. Wafungwa walilala nyuma ya lango lenye jina la mfungwa. Bila shaka wako askari walinzi waliopita chini ya lango hilo kila siku kwa miaka, wasifikiri hata mara moja jina lile lilikuwa la nani.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ngome hizo zilibaki, na leo mgeni huingia kuzitazama. Ngome ya Yesu yenyewe imekuwa makumbusho.

FUNZO KWA MWENYE SILAHA

Uhuru haukuimaliza historia ya silaha katika ghuba ya Tungue. Tangu mwezi Oktoba 2017 Cabo Delgado imeingia katika vita vya waasi wenye silaha walioua raia, kuchoma vijiji na kubomoa nyumba za ibada. Tarehe 24 Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma wenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa mashua kuelekea Pemba, wengine kwa miguu kuelekea Ruvuma. Mwezi Julai mwaka huo Rwanda ilipeleka wanajeshi na polisi 1,000, na Jumuiya ya SADC ikapeleka jeshi lake, wakiwamo askari wa Tanzania, ambalo lilikaa hadi Julai 2024.

Katika vita kama hivyo adui havai sare. Mtu aliyekamatwa njiani huenda ni mwuaji, huenda pia ni mvuvi aliyepoteza cheti chake mashua ilipopinduka. Askari aliyemwona mwenziwe akifa asubuhi hukutana na mtu huyo jioni, mikono imefungwa, na hapana afisa karibu. Saa hiyo ni nzito kuliko saa ya mapambano, kwa kuwa katika mapambano adui anaweza kujibu. Mtu aliyefungwa hawezi.

Sheria inasema wazi. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu cha tatu kilicho cha namna moja katika mapatano yote manne, yanahusu hata vita vya ndani ya nchi. Aliyeweka silaha chini, aliyejeruhiwa, aliye mgonjwa na aliye kizuizini atendewe kibinadamu. Kuua, kutesa, kudhalilisha na kuhukumu bila mahakama iliyoundwa kwa sheria ni marufuku. Majeruhi wakusanywe na kutibiwa. Maneno hayo hayamtaki askari awe mwoga wala mlegevu. Sebastiani mwenyewe hakuwa mlegevu, maana mlegevu hasimami mbele ya Kaisari mara ya pili.

Wako watakaosema kwamba huruma kwa mateka ni anasa ya watu walio mbali na risasi. Ushahidi wa pwani hii ni kinyume. Mateso ya Ibo hayakuiokoa Ureno. Kila mtu aliyerudi kijijini na makovu aliwaeleza wenziwe yaliyomo ndani ya ngome, na wenziwe wakajua upande wa kuusaidia. Vilevile polisi anayempiga mahabusu ili apate maneno hupata maneno kweli, lakini hupata yale anayoyataka yeye, na mhalifu halisi anaendelea kutembea mjini. Kwa upande wa pili, raia wa Palma au wa Mtwara akiona kwamba aliyekamatwa amefikishwa mbele ya sheria akiwa mzima, hataogopa kuja usiku kutoa habari za chombo kigeni kilichotia nanga pwani.

Ndugu askari, si lazima mtu awe Mkristo ili ajifunze kwa picha ya ter Brugghen, kama ambavyo si lazima awe Mreno ili astaajabie kuta za ngome. Mwislamu wa Tungue ambaye hana desturi ya kuweka sanamu wala picha msikitini anajua vilevile kwamba dini yake imeamuru kumlisha mateka. Picha ile imefanya jambo dogo tu: imetuonyesha dakika moja, jua likizama, mtu mmoja akifungua fundo na mwingine akishughulikia jeraha, huku waliopewa amri ya kuua wakiwa wamekwisha ondoka.

Zamu ya jioni itakapokukuta pamoja na mtu aliyefungwa, mtazame mikono kwanza. Ikiwa kamba imekaza mpaka vidole vimebadilika rangi, ilegeze. Mpe maji. Andika jina lake na saa uliyompokea, umkabidhi kwa mkubwa wako akiwa katika hali ile ile uliyompokea nayo, au bora zaidi.